Maharage Katika Chupa: Ukuzaji wa Tishu za Mimea ya Jamii ya Mikunde

Utangulizi

Mkazi wa Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, huishi na mimea ya jamii ya mikunde tangu asubuhi hadi usiku, ingawa huenda hatambui kwamba mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja. Maharage yaliyomo chunguni, karanga zilizotwangwa kwa ajili ya kuungia mboga, kunde na njugumawe zilizopandwa kandokando ya mahindi, zote hizo ni mikunde. Mlango wa mninga anaoufunga wakati wa kulala umetokana na mkunde. Hata miyombo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya misitu ya Mkoa wa Katavi, ni ya jamii hiyohiyo. Duniani kote jamii hii ina spishi zaidi ya 19,000, na kwa wingi wa spishi miongoni mwa mimea itoayo maua inashika nafasi ya tatu, baada ya jamii ya alizeti na jamii ya okidi.

Mwanafunzi wa biolojia anaelewa sababu za mimea hii kuthaminiwa. Mbegu zake zina protini nyingi, na mizizi ya mikunde mingi hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba sayansi ya kuzalisha mimea katika maabara ingekuwa imeshaizoea mimea hii kitambo. Hali sivyo ilivyo. Migomba, viazi mviringo na mkonge huzalishwa kwa maelfu ndani ya chupa bila taabu kubwa. Maharage, karanga na kunde, kinyume chake, zimewasumbua wataalamu kwa miongo mingi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, jinsi kipande kidogo cha mmea kinavyoweza kugeuka kuwa mmea kamili. Pili, kwa nini mikunde ni mikaidi katika kazi hiyo, na ni njia gani iliyopatikana ya kuupunguza ukaidi huo. Tatu, faida gani mkulima wa mahali kama Kawajense anaweza kuitazamia, kwa kuwa yeye hupata mbegu zake za maharage shambani mwake bila kuhitaji maabara yoyote.

Seli moja, mmea mzima

Kila seli hai ya mmea yenye kiini huwa na maelekezo yote ya urithi yanayohitajika kuujenga mmea mzima. Seli ya jani la maharage haina maelekezo ya jani peke yake. Ina pia ya mzizi, ya ua na ya mbegu, ila maelekezo hayo yamenyamazishwa. Swali lililowashughulisha wataalamu ni hili: je, yanaweza kuamshwa tena?

Mtu wa kwanza kulijaribu jambo hili kwa mpango alikuwa Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria. Mwaka 1902 alieleza majaribio yake ya kuzitenga seli moja moja za majani na kuzilisha katika vyombo safi. Seli hizo ziliishi kwa muda, nyingine zikanenepa, lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Haberlandt hakuwa na homoni za mimea, kwa sababu wakati huo zilikuwa hazijagunduliwa. Ilipofika mwaka 1939, Philip White wa Marekani pamoja na Roger Gautheret na Pierre Nobécourt wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa wamefaulu kukuza tishu za mimea mfululizo katika vyombo. Mwaka 1958 Frederick Steward, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alieleza jinsi seli za karoti zilivyotoa mimea kamili. Wazo la Haberlandt lilikuwa limethibitishwa.

Ufunguo wa kazi hii ulielezwa mwaka 1957 na Folke Skoog na Carlos Miller. Wao walitumia tishu za tumbaku, zao ambalo watu wa Mpanda wanalifahamu vyema. Waligundua kwamba homoni mbili zinashindana na kusaidiana katika kuiongoza tishu. Homoni ya kwanza ni oksini na ya pili ni sitokinini. Oksini ikizidi, tishu hutoa mizizi. Sitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikiwa zinakaribiana, seli huendelea kugawanyika tu na kufanya donge lisilo na umbo, ambalo wataalamu huliita kalusi. Linaloamua, basi, ni uwiano wa homoni hizo mbili kuliko wingi wa mojawapo.

Chakula cha chupani

Kipande cha mmea kilichokatwa hakina mizizi ya kukitafutia chakula, na mara nyingi hakina majani ya kutosha kukitengenezea. Hivyo ni lazima kilishwe. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog walitangaza mchanganyiko wa chakula ambao hadi leo ndio unaotumiwa zaidi duniani. Ndani yake mna chumvi za naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, kiasi kidogo cha chuma, zinki, boroni na madini mengineyo, pamoja na vitamini. Kwa kawaida huongezwa sukari gramu 30 kwa kila lita, na agari itokanayo na mwani ili chakula kigande kama uji uliopoa. Mwaka 1968 Oluf Gamborg na wenzake nchini Canada walitangaza mchanganyiko mwingine, nao waliutengeneza kwa ajili ya seli za mizizi ya soya, ambayo ni mkunde.

Chakula kinachoufaa mmea huufaa ukungu na bakteria zaidi. Chembe moja ya ukungu ikiingia chupani, baada ya siku chache itakuwa imeifunika tishu yote. Kwa sababu hiyo chupa na chakula chake huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo, katika nyuzi 121 za Selsiasi, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Mbegu nazo huoshwa kwa spiriti na maji ya klorini, kisha husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa. Kazi ya kukata hufanywa ndani ya kabati ambalo hewa yake imechujwa. Baada ya hapo chupa huwekwa katika chumba chenye joto la nyuzi 25 hivi, chini ya taa zinazowaka kwa saa 16 kila siku. Katika kazi yote hii hakuna uchawi wala siri, ila usafi usio na mzaha na kumbukumbu zilizoandikwa vizuri.

Kwa nini mikunde ni mikaidi?

Ukikata kipande cha jani la tumbaku na kukiweka juu ya chakula chenye homoni zinazofaa, baada ya wiki chache utaona machipukizi. Ukifanya vivyo hivyo kwa jani la mmea wa maharage, yamkini utapata donge kubwa la kalusi lenye afya njema, nalo litaendelea kunenepa mwezi hadi mwezi bila kutoa chipukizi hata moja. Zipo sababu tatu zinazofaa kuelezwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba seli za mikunde mingi ya nafaka, zikishakomaa na kujipangia kazi, hazikubali kwa urahisi kurudi katika hali ya utoto. Zinagawanyika, lakini hazijipangi upya kuwa kiungo.

Sababu ya pili ni kemikali za fenoli, ambazo tanini ni mojawapo. Tishu ikikatwa, kemikali hizo hukutana na hewa, hugeuka rangi kuwa kahawia na kuziua seli zilizo karibu. Kila aliyemenya ndizi mbichi au kukata mbilingani ameiona rangi hiyo. Katika miti ya jamii ya mikunde tatizo hili ni kubwa zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa kwetu: uwezo wa kuzalika upya kutokana na tishu ni tabia ya urithi, kama ilivyo rangi ya ua au urefu wa shina. Hili lilionyeshwa waziwazi na mmea wa alfalfa, mkunde unaolimwa kwa ajili ya malisho ya mifugo. Mwaka 1972 J. W. Saunders na E. T. Bingham wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jinsi walivyopata mimea kamili kutokana na kalusi ya alfalfa. Kisha Bingham na wenzake wakachagua mimea iliyotii vizuri zaidi, wakaipandikiza yenyewe kwa yenyewe, na kurudia uchaguzi huo. Mwaka 1975 walitangaza kwamba baada ya vizazi viwili vya uchaguzi, mimea iliyoweza kuzalika upya iliongezeka kutoka asilimia 12 hadi asilimia 67. Chakula kilikuwa kilekile, na maabara ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni urithi wa mmea.

Maana yake ni kwamba maelekezo yaliyoandikwa kwa aina ya maharage ya Amerika hayana ahadi yoyote kwa aina tunayoila sisi. Kila aina ina tabia yake, na tabia hiyo haijulikani mpaka ijaribiwe.

Mlango wa kifundo

Kwa kuwa seli zilizokomaa zinakataa kurudi nyuma, wataalamu waliamua kutafuta seli ambazo bado hazijakomaa. Mahali pa kuzipata ni karibu na machipukizi, na hasa katika kifundo cha kotiledoni.

Mbegu ya maharage ikiota, nusu zake mbili nene huchomoza juu ya udongo. Hizo ndizo kotiledoni, ghala la chakula cha mche. Pale zinaposhikana na shina pana kifundo, na katika kila kwapa la kotiledoni mna jicho dogo lililolala. Kwa kawaida jicho hilo haliamki, kwa sababu ncha ya shina hutoa oksini ambayo huteremka na kulizuia. Mkulima wa karanga anayaona macho haya kila msimu bila kuyaita kwa jina hilo: matawi mawili ya kwanza ya mkaranga, yanayotambaa upande huu na huu chini kabisa ya mmea, hutoka katika makwapa ya kotiledoni.

Maabara hutumia siri hiyo. Mbegu iliyosafishwa huoteshwa chupani kwa siku chache, mara nyingi katika chakula chenye sitokinini. Kisha ncha ya shina hukatwa, mzizi huondolewa, na kifundo huachwa pamoja na kipande kidogo cha kotiledoni. Kifundo hicho huwekwa juu ya chakula chenye sitokinini ya kiasi cha miligramu chache kwa lita. Mambo mawili hutokea. Macho yaliyokuwa yamelala huamka. Halafu tishu changa zinazoyazunguka hugawanyika na kufanya macho mapya ambayo hayakuwapo, hata kifundo kimoja huweza kutoa kishada cha machipukizi. Mwaka 1992 K. A. Malik na P. K. Saxena wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walionyesha kwamba hata mche mzima wa maharage, usiokatwa, hutoa machipukizi mengi katika sehemu hii ukioteshwa juu ya sitokinini.

Machipukizi hayo hutenganishwa na kuhamishiwa katika chakula chenye oksini kidogo ili yatoe mizizi. Yakikataa, na mikunde mara nyingi hukataa, huunganishwa juu ya shina la mche mwingine wenye mizizi yake, kama mkulima anavyobebesha mwembe. Mwisho mmea hutolewa chupani, hupandwa katika udongo safi, na hufunikwa kwa nailoni inayofunguliwa kidogo kidogo siku hata siku. Majani yaliyokulia katika unyevu wa chupa hayana nta ya kutosha, na yangekauka kwa siku moja yakiachwa wazi kwenye jua la Mpanda.

Njia hii ina fadhila nyingine. Mimea inayopitia hatua ndefu ya kalusi mara nyingi hubadilika tabia. Philip Larkin na William Scowcroft wa Australia waliliandikia jambo hilo mwaka 1981. Mimea inayotoka moja kwa moja katika kifundo hufanana zaidi na mama yake.

Jaribio la darasani

Hakuna haja ya kabati la hewa safi ili kuuona msingi wa jambo hili. Shule yoyote yenye makopo, udongo, wembe na mbegu za maharage inaweza kufanya jaribio lifuatalo.

Panda mbegu 30 za aina moja katika makopo, mbegu moja kwa kila kopo. Miche ikishachomoza na kotiledoni zikiwa bado nene, igawe katika makundi matatu ya miche 10. Kundi la kwanza, kata shina juu kidogo ya kotiledoni, ukiziacha kotiledoni mahali pake. Kundi la pili, kata shina chini ya kotiledoni, ili ibaki sehemu ya shina isiyo na kifundo. Kundi la tatu liache bila kulikata. Mwagilia maji yote kwa kipimo kimoja, na kila siku kwa muda wa wiki mbili andika unachokiona. Mwalimu asimamie matumizi ya wembe.

Katika kundi la kwanza, macho ya makwapani yataamka na kutoa machipukizi, kwa kawaida mawili, moja kila upande. Katika kundi la pili, shina lililobaki litasimama siku chache likiwa kijani, kisha litanyauka, ijapokuwa mizizi yake ni mizima. Katika kundi la tatu, macho yatabaki yamelala. Wanafunzi wajiulize: tofauti ya kundi la kwanza na la pili ni nini, ikiwa mizizi ni ileile na udongo ni uleule? Tofauti ya la kwanza na la tatu je?

Wanaotaka kuendelea wanaweza kuongeza kundi la nne, ambalo shina lake limekatwa juu ya kifundo na kotiledoni zikaondolewa pia, ili waone kazi ya ghala la chakula. Wanaweza pia kulirudia jaribio kwa kunde, au kwa aina mbili tatu za maharage zilizonunuliwa sokoni Mpanda, na kulinganisha ni aina ipi inayoamka mapema. Hata hivyo izingatiwe kwamba machipukizi ya jaribio hili yametokana na macho yaliyokuwapo tayari. Kufanya macho mapya kabisa ni kazi inayohitaji sitokinini na chupa safi.

Faida yake ni nini?

Sasa tulikabili swali la mkulima. Mgomba hautoi mbegu za kupanda, kwa hiyo maabara inayomzalishia miche safi inampunguzia kazi. Mmea wa maharage hutoa mbegu zake wenyewe. Kwa nini basi kuhangaika na chupa?

Jibu ni kwamba ukuzaji wa tishu za mikunde haukusudiwi kumgawia mkulima miche. Kazi yake ni kumfungulia mtafiti milango ambayo uzalishaji wa kawaida hauwezi kuifungua. Mlango mkubwa kuliko yote kwa nchi yetu ni uokoaji wa kiinitete.

Maharage ya kawaida, Phaseolus vulgaris, hupenda ubaridi. Ndiyo maana yamestawi katika nyanda za juu za Mbeya, Rukwa na Kilimanjaro. Mpanda iko chini zaidi na joto lake ni kubwa zaidi. Usiku ukiwa na joto jingi, chavua ya maharage hudhoofika, maua hupukutika, na mkulima huvuna majani. Yuko ndugu wa maharage aitwaye teperi, Phaseolus acutifolius, ambaye asili yake ni sehemu kame za kaskazini ya Mexico na kusini-magharibi ya Marekani. Teperi hustahimili joto na ukame, tena baadhi ya aina zake hustahimili ugonjwa wa bakteria unaounguza majani ya maharage. Ingefaa sana kuwaoanisha ndugu hawa wawili.

Chavua ya mmoja ikiwekwa juu ya ua la mwingine, utungisho hutokea na kiinitete huanza kukua. Lakini baada ya siku kadhaa tishu inayopaswa kukilisha hushindwa kazi yake, kiinitete hudumaa, na ganda huanguka. Kilichokosekana ni chakula tu. Mtaalamu hulichuma ganda kabla halijaanguka, hulipasua chini ya hadubini katika mazingira safi, hukitoa kiinitete ambacho hakijafikia ukubwa wa chembe ya mchele, na kukilisha chupani mpaka kiwe mche. Mwaka 1956 Shigemi Honma, nchini Marekani, alitangaza kupatikana kwa chotara wa namna hiyo kati ya maharage na teperi. Kazi za baadaye ziliendeleza njia hiyo, na machotara wakaoanishwa tena na tena na maharage mpaka ladha na umbo la maharage vikarudi. Mwaka 2015 kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, CIAT, chenye makao yake Colombia, kilitangaza maharage yanayostahimili joto, ambayo baadhi yake yana damu ya teperi. Kwa mkulima wa bonde lenye joto, habari hiyo ina uzito.

Karanga nazo zina hadithi ya namna hiyo. Ugonjwa wa rozeti, ambao huudumaza mkaranga na kuyakusanya majani yake kama ua, uliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu hii. Aliyeueleza mwaka 1907 ni Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Leo tunajua kwamba husababishwa na virusi wawili pamoja na kipande cha urithi kinachowategemea, na kwamba husambazwa na vidukari. Kinga dhidi ya magonjwa mbalimbali ya karanga inapatikana katika karanga-mwitu za Amerika ya Kusini. Lakini karanga ya shambani ina kromosomu 40, na karanga-mwitu nyingi zina 20. Machotara wao hupatikana kwa shida, na viinitete vingi hufa mapema. Hapa pia kituo cha ICRISAT, India, kimetumia ukuzaji wa viinitete kuwaokoa machotara hao.

Mlango mwingine ni ule wa kuingiza jeni moja moja. Jeni ikiingizwa katika seli, seli hiyo haina faida mpaka ikuzwe iwe mmea. Kwa hiyo ukaidi wa mikunde ulikuwa kizuizi hapa pia. Mwaka 2006 watafiti wa CSIRO ya Australia walieleza jinsi walivyofaulu kwa kunde, wakianzia kwenye kifundo cha kotiledoni. Kunde zilizotokana na kazi hiyo, zenye kinga dhidi ya kiwavi anayetoboa maganda, ziliidhinishwa kwa wakulima wa Nigeria mwaka 2019. Brazili ilikuwa imeidhinisha maharage yenye kinga dhidi ya virusi mwaka 2011. Nchi yetu imekwenda kwa tahadhari katika jambo hili, na mwaka 2018 serikali iliagiza majaribio ya mahindi ya aina hiyo huko Makutupora, Dodoma, yasitishwe. Msomaji asichanganye mambo mawili. Ukuzaji wa tishu peke yake haubadilishi jeni. Kiinitete kilichookolewa chupani ni mtoto wa wazazi wake wawili, kama mtoto mwingine yeyote.

Neno kuhusu mninga

Haitakuwa haki kuzungumzia mikunde ya Katavi bila kuugusa mninga, Pterocarpus angolensis. Ganda lake la duara lenye miiba katikati huficha mbegu moja au mbili, ambazo huota kwa shida. Mche ukiota, shina lake hukauka kila kiangazi na kuchipuka tena mvua zinaponyesha, kwa miaka kadhaa, mpaka mzizi upate nguvu ya kulibeba. Kwa hiyo panga hukata kwa saa moja kilichokua kwa miongo mingi. Ukuzaji wa tishu ungeweza kusaidia kuzidisha miti bora iliyochaguliwa. Lakini utomvu mwekundu wa mninga, unaotiririka kama damu gome likijeruhiwa, umejaa tanini, na tanini ni zile fenoli zilizotajwa hapo juu. Kazi ya miti hii ni ngumu kuliko ile ya maharage, na haiwezi kuchukua nafasi ya kuutunza msitu uliopo.

Hitimisho

Tumeona kwamba seli ya mkunde ina uwezo wa kuwa mmea mzima, kwamba inasita kuutumia uwezo huo, na kwamba kusita kwake kunategemea aina ya mbegu. Katika hayo liko funzo moja la kutufaa. Chakula cha Murashige na Skoog kinaweza kununuliwa, na maelekezo ya Guelph au ya Australia yanaweza kusomwa na mtu yeyote. Lakini jinsi Uyole 96, Lyamungu 90, Jesca au SUA 90 zinavyoitikia sitokinini, au jinsi karanga za Pendo na Mnanje zinavyotoa machipukizi, ni jambo ambalo mtu wa nje hana sababu ya kulihangaikia. Aina hizo ni zetu, zimetokana na jasho la vituo vyetu vya Uyole, Selian na Naliendele na la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na sisi ndio tunaozila.

Chuo hicho sasa kina kampasi yake ya Mizengo Pinda ndani ya Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mpanda anayelikata shina la mche wa maharage kwa wembe, akahesabu machipukizi na kuyaandika daftarini, hayuko mbali na kazi yenyewe kama anavyoweza kudhani. Anachokifanya kwa makopo ndicho kitakachofanywa kwa chupa: kuchagua aina, kukata mahali panapostahili, kungoja, kuhesabu, na kurudia. Walimu wawahimize wanafunzi waanze na mbegu zinazolimwa nyumbani kwao, kwa majina yake ya kienyeji, na waandike kila aina imefanya nini. Orodha ya namna hiyo, ikiandikwa kwa uaminifu, itamfaa yeyote atakayekuja kuifungua maabara.